Umejuaje?

Rasimu ya kwanza ya sura ya kwanza ya tasnifu yangu ya uzamivu ilirudi kutoka kwa msimamizi ikiwa na maandishi machache pembeni kuliko nilivyohofia. Nikafurahi, lakini furaha yenyewe haikuvuka ukurasa wa pili. Pale nilipoandika kwamba wastaafu wengi hujiona hawana thamani tena, alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi: "Umejuaje?" Ukurasa wa nne, neno lile lile. Ukurasa wa saba, kwenye aya niliyokuwa nimeisoma kwa sauti peke yangu chumbani kwa jinsi ilivyonipendeza, neno lile lile. Nilihesabu mara 19 katika kurasa 24. Zaidi ya hapo alikuwa amehamisha koma moja tu.

Niliudhika. Nilijua kwa sababu nilijua! Baba yangu alistaafu nikiwa nasoma shahada ya kwanza, nikamwona kwa macho yangu akizungukazunguka ndani kama mgeni aliyefika kabla wenyeji hawajaamka. Ndiyo maana nilichagua mada hiyo: nini hutokea nyumbani mtu anapoacha kazi kwa sababu ya umri. Nilikuja kwenye uzamivu na jibu mkononi, nikitafuta miaka mitatu ya kulithibitisha na watu wa kunigongea muhuri.

Nadhani wengi wetu katika sayansi ya jamii huanza hivyo. Anayesoma fizikia hajawahi kuishi ndani ya atomu. Sisi tumelelewa katika familia, tumefanya kazi, tumefiwa, tumehama. Kila tunachotaka kukitafiti tunadhani tumeshakiona. Miaka yangu miwili ya mwanzo iliishia katika kutenganisha nilichokiona, nilichosikia kwa watu, nilichosoma, na nilichotamani tu kiwe kweli. Ni kazi ya kuchosha kuliko kusoma vitabu, na haina mahali pa kuiandika kwenye ripoti ya maendeleo ya kila muhula.

Swali langu la kwanza la utafiti lilihusu athari za kustaafu kwa ustawi wa jamii. Msimamizi alilisoma, akavua miwani, akaniuliza: "Siku ukilipata jibu la swali hili, utalitambuaje?" Sikuwa na la kusema. Nilirudi mara tatu, kila mara swali likiwa limepungua kidogo na mimi nikiwa nimeumia kidogo, kwa sababu niliona tasnifu yangu inasinyaa. Mwisho likabaki hivi: wanandoa hugawanaje upya siku yao katika mwaka wa kwanza baada ya mmoja wao kustaafu? Niliona aibu kuwaambia watu kwamba hilo ndilo swali la shahada ya uzamivu. Lilionekana kama swali la jirani mbea. Lakini lilikuwa swali ambalo ningeweza kumuuliza mtu naye akanijibu, na baadaye nikaja kujua kwamba wenzangu waliobaki na maswali makubwa walikuwa wanayapunguza mwaka wa nne, data ikiwa imeshakusanywa. Hapo ni pabaya zaidi pa kupunguzia.

Kwenye mapitio ya maandiko, sura ya yale ambayo wengine wameshaandika juu ya mada, nilifanya kosa ambalo nimeliona kwa kila mwanafunzi mpya tangu hapo: fulani anasema hivi, fulani anasema vile, fulani naye anaongeza kwamba. Kurasa 60 za watu wanaosema. Mimi sikuwemo. Nilikuwa nimejificha nyuma ya nadharia ya kujitenga, ile ya Elaine Cumming na William Henry ya mwaka 1961, inayodai kwamba mtu anapozeeka yeye na jamii huachana taratibu, kila upande ukimwachilia mwenzake, na kwamba hali hiyo ni ya kawaida kila mahali. Ilimfaa baba yangu kama shati lililoshonwa kwa kipimo chake.

Siku moja nikaifuata nadharia hiyo hadi chimbuko lake badala ya kuisoma kwenye muhtasari wa wengine. Nikakuta ilijengwa juu ya mahojiano na watu wa mji mmoja wa Marekani, Kansas City. Mji mmoja, kipindi kimoja, halafu hitimisho kuhusu binadamu wote! Nikajikuta nimeandika pembeni, kwa mkono wangu, kwa kalamu ya risasi: "Umejuaje?" Nilicheka peke yangu maktabani. Tangu siku hiyo kusoma kukawa kwepesi. Nilipofika kwa Robert Atchley, aliyeandika mwaka 1989 kwamba watu wanapozeeka hujitahidi kuendeleza mazoea na uhusiano waliokuwa nao, sikumpokea kama mkombozi wala sikumpiga vita. Nilimuuliza kile ambacho msimamizi wangu aliniuliza mimi. Sura ya mapitio ikashuka hadi kurasa 31, na kwa mara ya kwanza ilikuwa na mtu ndani yake anayezungumza.

Kamati ya maadili ilinirudishia maombi mara mbili. Wakati ule niliiona ni urasimu mtupu: fomu ya ridhaa, maelezo kwa mshiriki, haki ya kujitoa bila kutoa sababu, data itahifadhiwa wapi na itafutwa lini. Nilikuwa nimesoma, kama kila mtu, juu ya Tuskegee huko Alabama, ambako tangu 1932 hadi 1972 wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa bila kuambiwa ukweli wa ugonjwa wao na bila kupewa penisilini hata ilipokuwa dawa ya kawaida. Nilijua kwamba Ripoti ya Belmont ya 1979, iliyoweka misingi ya kuwalinda washiriki wa utafiti, ilitokana na aibu hiyo. Lakini mimi naenda kuzungumza na wazee sebuleni, nilijiambia, simdungi mtu sindano. Mara ya pili kamati iliongeza swali moja: mshiriki akisema jambo wakati kinasa sauti kimeshazimwa, utafanya nini? Nikajaza haraka: "Halitatumika bila ridhaa ya mshiriki." Ilinichukua kama sekunde kumi kuiandika.

Mahojiano ya kwanza yalikuwa ya aibu. Nilirudi nyumbani nimeridhika, nikavaa spika za masikioni, nikaanza kunukuu, yaani kuandika kila neno lililosemwa, na nikasikia sauti moja ikizungumza bila kupumzika. Ilikuwa yangu. Katika dakika 52 nilikuwa nimezungumza zaidi ya 20. "Je, unajisikia mpweke tangu ustaafu?" nilimuuliza yule mzee. "Ndiyo, kiasi," akanijibu kwa adabu, kama mtu anayemsaidia mtoto kumaliza kazi ya shule. Nilikuwa nimempa jibu, akanirudishia.

Msimamizi hakunipa mwongozo mpya wa mahojiano. Alinipa sentensi moja: "Mwambie akusimulie siku yake ya jana, tangu alipoamka." Jana tu. Mtu akiulizwa kuhusu kustaafu hutoa hotuba, lakini akiulizwa kuhusu jana husema nani aliamka kwanza, nani aliweka maji jikoni, nani alikaa kwenye kiti kipi, nani alitoka na kwa kisingizio gani. Nikajifunza pia kunyamaza. Mtu akimaliza kujibu nilikuwa nahesabu moyoni hadi saba kabla ya kuuliza swali linalofuata. Saba ni nyingi kuliko unavyofikiri, ijaribu. Mara nyingi ilipofika tano mtu alianza tena kusema, na alichosema safari hiyo hakikuwa cha adabu.

Kuhusu unukuzi nina msimamo ambao wenzangu wengi hawaupendi: nukuu mwenyewe, angalau nusu. Saa moja ya mazungumzo ilinila saa sita. Mgongo uliuma, na kuna jioni nilitamani kumlipa mtu yeyote afanye. Ila kuna mzee mmoja, aliyekuwa mtunza ghala maisha yake yote ya kazi, ambaye katika mahojiano yake yote kulikuwa na mlio mdogo wa chuma. Nilikuwa nimeketi mbele yake na sikuwa nimeuona kama jambo. Alikuwa na pete kubwa ya funguo, ya kubeba funguo 20 au zaidi, na sasa ilikuwa na ufunguo mmoja tu wa mlango wa nyumba. Alikuwa akiizungusha kidoleni. Niliposikiliza kwa mara ya tatu nikagundua kwamba mlio ulikatika mahali pamoja tu: nilipomuuliza kuhusu asubuhi ya Jumatatu. Ukimya, sekunde kama nne, halafu "Asubuhi ni asubuhi tu," halafu mlio ukaendelea. Programu ya kompyuta ingeniandikia "Asubuhi ni asubuhi tu" na nisingejua kwamba pale kulikuwa na kitu.

Nilizungumza na jozi 17 za wanandoa, kila mmoja kivyake, kwa hiyo mahojiano 34. Kila mtu huuliza idadi inayotosha ni ipi. Barney Glaser na Anselm Strauss walileta mwaka 1967 wazo la kushiba: unaacha pale ambapo mahojiano mapya hayaongezi kitu. Mwaka 2006 Greg Guest na wenzake walichambua mahojiano 60 na kuona kwamba mada karibu zote zilikuwa zimeshajitokeza ndani ya 12 ya kwanza, na tangu hapo wanafunzi tunaitaja hiyo 12 kama aya ya maandiko matakatifu. Mimi pia niliitaja. Msimamizi akauliza kama washiriki wao walifanana zaidi kuliko wangu. Nikaenda kusoma tena, nikaifuta sentensi.

Halafu ikaja miezi saba ambayo sikuandika kitu. Ningependa kusema niliugua, au kulikuwa na msiba. Hapana. Nilikuwa na misimbo 212, yaani lebo fupi za kupanga waliyosema washiriki, kwenye programu ya kuchambulia, kila msimbo una rangi yake, na kila siku niliifungua, nikahamisha misimbo miwili, nikaifunga. Nilijiambia nachambua. Barua pepe za msimamizi niliziacha bila kuzifungua kwa sababu zisipofunguliwa hazijanifikia. Ndugu wakiuliza "utamaliza lini?" nilisema mwakani, na mwakani ilipofika nikasema tena mwakani. Ukiitwa mzamivu watu hudhani umezama kutafuta lulu, wakati mwingine umezama tu.

Kilichonitoa hakikuwa hamasa. Mwanafunzi mwenzangu wa idara nyingine, naye amekwama, alipendekeza kila Ijumaa tutumiane kurasa mbili, mbovu, na kwamba ni mwiko kusahihisha lugha ya mwenzako. Kinachoruhusiwa ni kuuliza swali moja. Ijumaa ya kwanza nilituma kurasa mbili za takataka. Swali lake likawa: "Mbona wake zao hawamo?"

Nilitaka kumjibu kwamba wamo, nina mahojiano 17 ya wenza. Kisha nikaangalia misimbo yangu 212. Karibu yote ilitoka kwa aliyestaafu. Mwenza nilikuwa namtumia kama shahidi tu: anathibitisha mume anasema kweli, au anaongeza chumvi. Nikayasoma mahojiano ya wenza upya kwa wiki mbili, kana kwamba ndiyo utafiti wenyewe. Na jambo lilikuwa limelala pale wazi. Katika nyumba nyingi nilizotembelea, aliyepoteza siku yake hakuwa yule aliyestaafu. Alikuwa yule aliyekuwa nyumbani tangu zamani, au aliyekuwa akirudi mapema, ambaye kwa miaka 30 alikuwa na saa kadhaa za asubuhi ambazo hakuna aliyemuuliza anafanya nini. Sasa kuna mtu mezani anayeuliza. Mwanamke mmoja aliniambia, na hili aliniruhusu kulitumia: "Hanisumbui. Yupo tu."

Jioni ile nilimpigia mama simu. Nilimuuliza baba alipostaafu asubuhi zake zilikuwaje, za kwake yeye mama. Akakaa kimya, na mimi, kwa mazoea, nikahesabu. Akacheka. "Unasoma mambo haya mwaka wa ngapi sasa?" Wa nne, nikasema. "Na ndiyo leo unaniuliza." Yule mgeni aliyekuwa akizungukazunguka ndani nilimwona vizuri kabisa. Aliyekuwa akimpisha mlangoni sikuwa nimemwona.

Kuhusu fedha nitasema kidogo, si kwa kuwa ni jambo dogo. Ufadhili wangu ulikuwa wa miaka mitatu na tasnifu ilichukua mitano na nusu. Tofauti hiyo niliilipa kwa kufundisha madarasa ya jioni na kusahihisha mitihani ya watu wengine. Kabla hujasaini popote, uliza mwaka wa nne unalipwa na nani. Wakikujibu kwamba wanafunzi wazuri humaliza kwa mitatu, waombe wakuonyeshe wangapi.

Sasa nirudi kwa mke wa yule mtunza ghala. Mahojiano yake yalikuwa mafupi na ya kawaida. Nilimshukuru, nikazima kinasa sauti, nikakiweka mfukoni, nikasimama. Alinisindikiza hadi mlangoni na pale, mkono ukiwa kwenye kitasa, akaniambia sentensi tatu. Sitaziandika hapa. Zilieleza pete ya funguo, zilieleza ukimya wa sekunde nne, zilieleza nusu ya data yangu. Nilikaa ndani ya basi nikirudi nikizirudiarudia kichwani nisizisahau.

Nilipofika kuandika sura ya tano, sentensi zile zilikuwa ndiyo moyo wake. Na katika faili la kamati ya maadili kulikuwa na jibu langu la sekunde kumi. Nikampigia simu, nikamkumbusha aliyoniambia mlangoni, nikamweleza kwamba jina lake halitatokea, kazi ya mumewe ningeweza kuibadilisha, hakuna atakayejua. Akaomba siku mbili. Siku ya tatu alinipigia yeye. "Mwanangu," akasema, "yale nilikuambia wewe. Kitabu sikukiambia."

Nilijaribu kuzunguka. Niliandika kwa jumla, bila nukuu, kwamba baadhi ya wenza hupitia hali fulani. Rasimu ikarudi na kalamu ya risasi pembeni ya sentensi hiyo hiyo, na mnajua imeandikwa nini. Safari hiyo jibu nilikuwa nalo, kamili, na sikuweza kulitoa. Nikaifuta sentensi, na aya mbili zilizoegemea juu yake zikaanguka nayo. Sura ya tano ni dhaifu kuliko ninavyojua ingeweza kuwa. Wapo walionishauri kwamba ningebadilisha maneno kidogo tu na asingejua kamwe. Kweli asingejua.

Utetezi wa tasnifu mbele ya watahini ulichukua saa mbili na robo. Nilikuwa nimejiandaa kwa nadharia, na waliniuliza nadharia kwa kama dakika kumi. Muda mrefu ulikwenda kwenye jinsi nilivyochagua washiriki, na kwa nini jedwali la nne lina jumla ya 33 badala ya 34 (mmoja alijitoa katikati, nilisahau kueleza, saa nzima ya usingizi niliyoipoteza usiku ule ni kwa ajili ya jedwali hilo). Kisha mtahini wa nje akafungua ukurasa wa 163. "Hapa," akasema, "unakaribia kusema jambo, halafu unarudi nyuma. Kwa nini?" Nikamwambia kwamba kuna ninachokijua ambacho sina ruhusa ya kukitumia, na bila hicho ushahidi wangu unaishia pale unapoona umeishia. Alinitazama kidogo. "Basi liandike hilo," akasema, akafungua ukurasa unaofuata.

Nilipewa marekebisho madogo, miezi mitatu: makosa ya chapa, jedwali la nne, na aya moja juu ya mipaka ya data. Aya hiyo ina sentensi tano na nadhani ndiyo niliyoiandika kwa uangalifu kuliko zote.

Baada ya hapo niliwatumia washiriki wote muhtasari wa kurasa nne, kwa lugha isiyo na misimbo. Wengi hawakujibu, wawili walishukuru. Mke wa mtunza ghala alipiga simu. Alikuwa ameusoma wote, akajitafuta na hakujiona. Akauliza yule mwanamke aliyesema "hanisumbui, yupo tu" ni nani, kwa maana huenda anamfahamu.

Nikamwambia siwezi kusema.

"Haya," akasema, na kwa sauti nilimsikia anatabasamu. "Huyo naye mpe pole zangu, bila kumwambia zimetoka kwa nani."